Dada wa Dubai na simu ya Jumapili: tulivyochagua programu baada ya Skype kufungwa

Tarehe 28 Februari 2025, siku ya Ijumaa, Microsoft ilitangaza kwamba Skype, programu yake ya simu za intaneti, itafungwa tarehe 5 Mei. Habari hiyo aliileta kaka yetu mkubwa kwenye kundi la familia, na chini yake akaongeza mstari ulionihusu mimi: "Mdogo wangu, fundi ni wewe. Tutafutie nyingine kabla ya Mei."

Kwetu tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko Leicester, Uingereza, anatumia iPhone na kompyuta ya Mac. Anayemfuata ni dada, yuko Dubai, ana simu ya Android. Wa tatu yuko Mombasa. Jumapili usiku huwa zamuni kwenye ghala moja, na anachoruhusiwa kutumia pale ni kompyuta ya ofisi yenye Windows, ambayo haikubali kusakinishwa kitu bila neno la siri la msimamizi. Mimi ni kitindamimba, niko Morogoro, natengeneza kompyuta, na mashine yangu inaendeshwa na Linux Mint, mfumo ambao si Windows wala Mac. Mama yuko Pangani, katika nyumba ileile tuliyozaliwa. Zamani mjukuu ndiye aliyekuwa akimfungulia laptopu siku ya simu, lakini mjukuu alikwenda bweni mwezi wa kwanza, laptopu ikabaki na kitambaa juu yake. Mama amebaki na simu ya Android yenye RAM ya GB 2, ambayo haikai wiki mbili bila kujaa picha za kutakiana asubuhi njema.

Tulikuwa tukikutana kwa Skype kila Jumapili saa tatu usiku. Leicester inakuwa saa moja jioni wakati wa kiangazi, saa kumi na mbili wakati wa baridi. Dubai ni saa nne usiku. Dubai naitaja kwa sababu ya ramani tu, maana dada hakuwa anaingia kwenye simu hizo. Nitafika hapo.

Skype ilikuwa na sifa moja iliyotufaa kuliko zote: ilifika kila mahali. Ilianza Agosti 2003, waanzilishi wakiwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na programu yenyewe ikaandikwa na wahandisi wa Estonia. eBay iliinunua 2005, Microsoft ikaichukua 2011 kwa dola bilioni 8.5. Kufikia miaka yake ya mwisho ilikuwa ikipatikana kwa Windows, kwa Mac, kwa Linux, kwa Android na kwa iPhone. Nyumba yenye mifumo mchanganyiko kama yetu haikuwa na haja ya kuulizana nani ana nini. Ndiyo maana kufungwa kwake kulituachia shimo ambalo WhatsApp peke yake haikuliziba: WhatsApp inafungamana na namba ya simu, na haina programu yake rasmi kwa Linux.

Nilianza vibaya

Nitaeleza nilivyokosea, kwa sababu naona watu wengi wanakosea hivyohivyo. Nilianza na programu ninazozipenda.

Kiswahili kinatupa maneno mawili hapa, na kila moja lina kazi yake. Kuna programu ya bure, yaani huitoi senti. Na kuna programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha, hata kuweka seva yake mwenyewe asitegemee huruma ya kampuni. Skype ilikuwa ya bure, haikuwa huria, na ndiyo maana mwenye nayo alipoamua kuifunga hapakuwa na la kufanya. Mimi baada ya habari ile niliapa kwamba safari hii familia yetu itahamia kwenye kitu huria. Bado naamini nilikuwa na haki ya kutaka hivyo.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa Jitsi. Naifahamu historia yake: ilianzishwa 2003 na Emil Ivov akiwa Chuo Kikuu cha Strasbourg, ikiitwa SIP Communicator, na leo iko chini ya kampuni ya 8x8. Uzuri wake ni kwamba haikuulizi una mfumo gani. Unafungua chumba, unatuma linki, mwenzako anaibonyeza, kivinjari kinaomba ruhusa ya maikrofoni, mmeshaongea. Tangu Agosti 2023 anayefungua chumba kwenye meet.jit.si lazima aingie kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook, lakini wanaoalikwa hawaulizwi akaunti. Kwa kaka wa Mombasa na ile kompyuta yake ya ofisi hilo lilikuwa jibu kamili.

Ramadhani ilianza siku chache tu baada ya tangazo la Microsoft. Usiku mmoja baada ya tarawehe tukaijaribu: mimi, kaka wa Leicester, kaka wa Mombasa. Ikaenda vizuri, sauti safi, picha safi. Kaka mkubwa akasema, "Basi, imekwisha hiyo." Nikafurahi. Nikaandika kwenye kundi la familia kwamba tumepata.

Dada akajibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja. Alisema, "Hongereni. Mkimaliza kuongea na mama mnisalimie, kama kawaida."

Niliusikiliza mara nne. Neno "kama kawaida" ndilo lililonichoma. Sisi watatu tulikuwa tumejenga nyumba mpya kwa ramani ileile ya zamani, yenye watu waliozoea kukaa ndani na mmoja aliyezoea kukaa nje, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo.

Aliyekuwa nje

Falme za Kiarabu zimezuia kwa miaka mingi simu za intaneti zinazopita kwenye programu ambazo mamlaka ya mawasiliano ya huko haikuziruhusu. Ujumbe wa WhatsApp unafika, picha inafika, lakini simu ya WhatsApp haipiti. FaceTime hivyohivyo. Skype miaka ya mwanzo dada alikuwa akiipata kwa kubahatisha, na kufikia 2018 ilikuwa imefungwa kabisa huko. Baba alipofariki 2019, kikao cha arubaini, ambacho ndicho kilichoamua habari ya shamba la minazi, kilifanyika kwa Skype. Dada, mtoto wa pili wa marehemu, alisimuliwa maamuzi kwa ujumbe wa sauti kesho yake. Akakubali yote. Angefanya nini?

Mama alikuwa akipigiwa naye simu ya kawaida ya kimataifa, kwa dakika za kuhesabu.

Watu wengi wanalo jibu la haraka kwa mtu wa Dubai: aweke VPN, programu inayoficha anwani yake ya mtandao. Tafadhali msimwambie ndugu yenu hivyo kirahisi. Sheria ya makosa ya mtandao ya nchi hiyo ya 2021 inaweka faini kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000, na hata kifungo, kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa au kulificha. Mimi si mwanasheria na siwezi kusema mahakama itampima vipi mtu aliyetaka tu kumsalimia mama yake. Lakini dada yuko kule kwa viza ya kazi, na mshahara wake una watu nyuma yake. Sikutaka ajaribu sheria ya nchi ya watu kwa ajili ya kuridhisha mapenzi yangu ya programu huria.

Basi nikafuta orodha yangu nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza swali lililotakiwa liwe la kwanza: kati yetu watano, nani ni mgumu kufikiwa? Jibu lilikuwa watu wawili. Dada, kwa sababu ya sheria. Mama, kwa sababu ya simu na mtandao. Sisi wengine watatu tunaweza kuhama na chochote. Kwa hiyo programu ilitakiwa ichaguliwe na hao wawili, sisi tufuate.

Swali la dada lilipunguza orodha kwa dakika tano. Wakati wa korona, 2020, masomo na kazi vilipohamia majumbani, mamlaka ya kule iliruhusu programu kadhaa za mikutano. Ndani ya zilizoruhusiwa kulikuwa na Microsoft Teams, Zoom na ile iliyokuwa ikiitwa Google Hangouts Meet. Jitsi ikatoka kwangu kwa sababu hiyo. Signal nayo, ingawa kwa mfumo mchanganyiko ni nzuri sana, ina programu ya Windows, ya Mac na ya Linux, na msimbo wake uko wazi. Jami, programu nyingine huria ya simu, niliiacha kwa sababu nyingine pia: haina seva ya katikati ya kubeba mazungumzo, vifaa vinatafutana vyenyewe, na simu ya mama iliyolala mfukoni mwa kanga sikuiamini kwa kazi hiyo. Linphone, huria nayo, sikufika nayo mbali. Inataka mtu aelewe akaunti ya SIP, moja ya njia za kuunganisha simu za intaneti, ni nini, na kwetu anayeelewa ni mmoja.

Programu tatu zilizobaki

Kaka mkubwa aliipigania Teams. Hoja yake ilikuwa nzito: Microsoft wenyewe ndio walioelekeza watu wa Skype waende huko, unaingia kwa jina lilelile la Skype na unawakuta watu wako. Pia kikao cha bure cha kundi kinakwenda dakika 60. Lakini Teams kwa Linux ilikuwa na programu yake, Microsoft wakaiondoa Desemba 2022, na tangu hapo sisi wa Linux tumebaki na kivinjari. Hilo ningeweza kulivumilia, ndiyo kazi yangu. Lisilovumilika lilikuwa sura yake. Ni programu iliyoundwa kwa ajili ya ofisi, ina vyumba na milango mingi. Nilimwekea mama mbele yake akauliza, "Sasa hapa nabonyeza wapi nimwone mtu?" Nikaitafuta sehemu hiyo pamoja naye, nikaona hata mimi nasita.

Google Meet ilikuwa karibu kushinda. Haihitaji kusakinishwa kwenye kompyuta, kwa hiyo kaka wa Mombasa angeingia bila shida, na kundi linapewa dakika 60 bure. Nilichosita nacho ni jina. Ruhusa niliyoisoma ilitaja Hangouts Meet. Tangu hapo Google imeibadilisha jina, na 2022 ikaiunganisha na Duo, programu ya simu za video iliyoanza kwa simu za watu wawili. Ruhusa inayotaja kitu ambacho kimeshabadilika umbo sikuona vizuri kumkabidhi dada aitegemee. Nikaiweka akiba.

Ikabaki Zoom. Ina programu ya Linux, Windows, Mac, Android na iPhone. Asiyeweza kusakinisha anaingia kwa kivinjari. Anayealikwa hahitaji akaunti. Kule Dubai inaruhusiwa kwa jina lake lilelile ambalo kila mtu analijua. Kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba kikao cha bure kinakatwa dakika ya 40.

Kuhusu ubora wa sauti, sikuupa uzito. Nitasema kwa nini, maana ndicho kitu cha kwanza watu wanachouliza. Programu nyingi za leo, zikiwamo WhatsApp, Signal na Jitsi, hutumia njia moja ya kubana sauti inayoitwa Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa Septemba 2012. Nusu ya Opus imetokana na SILK, ambayo ni kazi ya Skype yenyewe. Kwa hiyo ukisikia sauti inakwaruza, mara nyingi lawama ni ya mtandao au ya maikrofoni. Kubadili programu hakutakusaidia.

Kipimo cha shikamoo

Mwezi wa nne, baada ya Idi, nilipanda basi mpaka Tanga, na kutoka Tanga mpaka Pangani. Nilikuwa na simu yangu, hedifoni mbili za waya na daftari.

Mafundi wana kipimo cha ucheleweshaji wa sauti. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na ikizidi 400 mazungumzo yanaharibika. Namba hizo ni sahihi, ila mama hazimwambii kitu. Mimi nilitumia salamu.

Katika simu ya watu wengi, watoto wanaingia mmoja mmoja na kila mmoja anaamkia. "Shikamoo mama." Kama mtandao uko vizuri, "marahaba" inarudi kabla mwingine hajafungua mdomo. Mtandao ukivuta, kaka wa Leicester anaamkia, kimya, kaka wa Mombasa anadhani ni zamu yake naye anaamkia, ndipo "marahaba" inatua katikati yao wote wawili, na hakuna anayejua ni ya nani. Mama naye anaona hakuitikia mmoja, anarudia, na kwa wakati huo mimi nimeshaanza. Skype ya miaka ya mwisho tulikuwa tukimaliza dakika mbili nzima kwenye salamu. Kwa hiyo niliandika kwenye daftari: tukiweza kuamkia wote wanne kwa utulivu na kila mmoja akaitikiwa, mahali hapo panafaa.

Sebuleni hatukuweza. Kuta ni nene za mawe, simu inapanda 4G inashuka 3G, na kila inapohama sauti inakatika. Chumbani kwa mama palikuwa pabaya zaidi. Barazani, upande unaotazama mto, tukamaliza salamu bila kugongana hata mara moja. Upepo ndio uliotusumbua pale, maana maikrofoni ya simu ikielekezwa upande wa bahari inavuma kama jenereta. Mama alipoweka hedifoni ya waya, kile kijimaikrofoni chake kikaingia ndani ya mtandio, upepo ukakoma. Hiyo hedifoni niliinunua shilingi chache sokoni na imetusaidia kuliko utafiti wangu wote wa programu.

Jambo jingine nililojifunza barazani ni mwangwi. Mimi na mama tulipokuwa tumeingia kwa simu mbili tukikaa pamoja, kaka wa Leicester alisikia kila neno mara mbili. Watu wakiwa mahali pamoja waingie kwa kifaa kimoja, au mmoja azime maikrofoni na spika yake.

Kisha bando. Zoom wenyewe wanasema sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde. Tuchukue 80, kwenda na kurudi iwe 160. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo hizo ni kilobaiti 20 kwa sekunde, MB 1.2 kwa dakika, yaani MB 48 kwa kikao chote cha dakika 40. Video ni habari nyingine: hata kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi zinakupeleka MB 9 kwa dakika, MB 360 kwa dakika 40. Mama ananunua bando dogo la wiki. Tukakubaliana kwamba video inawashwa dakika tano za mwanzo, mama aone nyuso zetu, kisha kila mtu anazima kamera. Kaka mkubwa hakupenda, yeye ana intaneti ya waya isiyo na kikomo. Lakini picha yake ikiwashwa, MB zinazoipokea ni za mama. Alipoelewa hivyo akawa wa kwanza kuzima.

Saa tisa

Jaribio la kwanza la watu wote watano, kila mmoja akiwa kwake, lilipangwa Jumapili iliyofuata, mimi nikiwa nimesharudi Morogoro. Nilituma mwaliko kama programu ilivyouandika: "9:00 PM". Mama akampa mtoto wa jirani amsomee. Mtoto akasoma alichokiona: "Bibi, wameandika saa tisa."

Mama alikaa barazani tangu saa tisa alasiri, hedifoni masikioni, simu mapajani. Alinipigia magharibi, kwa sauti ya mtu anayejizuia asilaumu, akauliza kama tumeghairi. Kosa lilikuwa langu. Niliishughulikia mifumo endeshi mitano nikausahau mfumo wa saa wa mama yangu, ambao ndio wa kwangu pia. Tangu siku hiyo mwaliko unaandikwa kwa mkono: Jumapili, saa tatu usiku, baada ya isha. Kwa dada naandika saa nne usiku, na kwa kaka mkubwa namwandikia saa yake, wala simpi hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Baada ya hapo hatukutuma mwaliko mpya kila wiki tena. Nilitengeneza kikao cha kudumu chenye linki moja isiyobadilika. Zoom inataka kikao kiwe na neno la siri au chumba cha kusubiria. Nikachagua neno la siri kwa sababu linaweza kujibeba ndani ya linki yenyewe, mtu habonyezi zaidi ya mara moja. Chumba cha kusubiria nilikizima, na nikaruhusu watu waingie hata kama mwenyeji hajafika, ili basi likinikwamisha njiani mama asikae mlangoni kwa mwanawe. Linki hiyo niliiweka kwenye uso wa simu ya mama kama alama yenye neno moja, WATOTO, kwa herufi kubwa. Hajui kama inaitwa Zoom, na sioni sababu ya kumwambia.

Tarehe 4 Mei, Jumapili ya mwisho kabla Skype haijafungwa, tuliingia wote. Dada alikuwa ameingia dakika kumi kabla. Nilimkuta na mama wakiongea habari za bamia.

Tulivyolipa

Nisiseme kwamba tumepata kila kitu. Kuna vitu viwili tumevitoa, na vyote vina uzito kwangu.

Cha kwanza ni muda. Jumapili ile ya tarehe 4 hakuna aliyeangalia saa, na dakika ya 40 ilipofika mama alikuwa katikati ya dua. Ukimya ukatuangukia. Yeye aliendelea, kumbe hakujua tumetoka, na tuliporudi kwa linki ileile alikuwa ameshafika mwisho. Ilikuwa juu yangu kupanga muda na sikupanga. Siku hizi kikao kina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya mama na habari za nyumbani. Ikikatika tunapumzika kidogo, kisha tunaorudi kwa nusu ya pili ni sisi watoto tukiwa na jambo la fedha au la shamba. Mama akitaka kurudi anarudi, lakini dua inasomwa katika nusu ya kwanza.

Cha pili ni faragha. Mwaka 2020 Zoom ilishutumiwa hadharani kwamba ilitangaza usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ule unaowaachia wanaoongea peke yao kusikia, hata kampuni isisikie, wakati haikuwa nao, na tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikafikia nayo makubaliano mwezi Novemba mwaka huo. Usimbaji huo wa kweli ulianza kutolewa Oktoba 2020, hata kwa watumiaji wa bure. Ila ukiuwasha, aliyeingia kwa kivinjari anabaki nje, na kwetu huyo ni kaka wa Mombasa. Tulichagua awe ndani. Kwa hiyo kuna mambo ambayo hayasemwi Jumapili: namba za akaunti, majibu ya hospitali ya mama, na jina la mtu yeyote tunayegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Kwa hayo sisi watatu tulio nje ya Dubai tunatumia Signal, na dada tunamwandikia, maana ujumbe wa WhatsApp unamfikia na umesimbwa. Bado ni nusu ya haki yake, nalijua hilo.

Jitsi sikuitupa. Ninaitumia na wateja wangu wa Dodoma na Iringa ninapowaelekeza kurekebisha mashine. Siku Dubai ikifungua mlango, familia nzima nitaihamisha wiki hiyohiyo.

Mwezi wa kumi Microsoft walipomaliza msaada wa Windows 10, nilirudi Pangani nikaiwekea laptopu ya mama Linux Mint. Nilifikiri atapenda kioo kikubwa. Alikikubali, akakitumia Jumapili moja, kisha akarudi barazani na simu yake, kwa sababu laptopu haina alama ya WATOTO mahali alipoizoea na haitoki nje kwenye upepo. Nimeiacha kwa ajili ya mjukuu akirudi likizo.

Sasa utaratibu wetu umetulia. Dada anaamkia wa kwanza, ingawa kwa kuzaliwa ni zamu ya kaka mkubwa. Kaka mwenyewe ndiye aliyeamua hivyo, na hakueleza. Dakika ya 35 mimi naandika neno "dua" kwenye kioo, sote wanne tunazima maikrofoni, inabaki ya mama peke yake, na nyuma yake kwa mbali inasikika miti ya mto Pangani. "Amin" kila mmoja anaitikia na ukuta wake: Leicester, Dubai, ghalani Mombasa, na hapa Morogoro.